Uzio Si Mpaka: Istilahi za Kuhesabu Nukta Pembe katika Sampuli Nasibu

Mfasiri wa maandishi ya sayansi hupata taabu ya namna mbili. Taabu ya kwanza ni neno geni ambalo halina mwenzake katika lugha yetu. Taabu hii ni kubwa, lakini haina hila: msomaji akikutana na neno asilolijua husita, akauliza. Taabu ya pili ni neno la nyumbani, linalojulikana na kila mtu, ambalo taaluma imelichukua na kulipa maana nyingine. Hapo msomaji hasiti wala haulizi. Hupita akiamini kwamba ameelewa, kumbe ameelewa jambo lingine.

Makala haya yanakusudia kueleza tawi moja la hisabati ya uwezekano, yaani thioremu za kikomo kuhusu idadi ya nukta zilizo pembeni kabisa katika sampuli nasibu ya uwanda. Baadhi ya wasomaji watauliza: jambo hili linamhusu nini mwalimu, karani au mfasiri wa idara? Linamhusu, kwa sababu ripoti za kilimo, misitu na wanyamapori huonyesha mara kwa mara ramani ambayo ndani yake nukta zimezungushiwa mstari. Mstari ule huitwaje kwa Kiswahili? Wengi huuita mpaka. Hoja ya makala haya ni kwamba jina hilo ni kosa, na kwamba hisabati yenyewe inatuonyesha ukubwa wa kosa hilo.

Neno zito katika mitelemko ya Meru

Tuchukue mfano wetu kutoka Arusha na viunga vya Mlima Meru, ambako neno mpaka si neno jepesi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kulieleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Mlima huohuo leo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na vijiji, mashamba na hifadhi vinakaa bega kwa bega. Mahali kama hapo, karatasi ya serikali inayosema kwamba “mpaka wa eneo lenye ugonjwa umepita hapa” haisomwi kama karatasi ya takwimu. Husomwa kama amri.

Sasa tuseme kwamba bwana shamba ametumwa kuchunguza ugonjwa wa chulebuni katika mibuni. Eneo lenye ugonjwa liko baina ya vijito viwili vinavyotelemka kutoka mlimani vikiachana kadiri vinavyoshuka, na chini limekatwa na barabara. Kwa hiyo umbo lake ni kama pembetatu. Bwana shamba hajui umbo hilo. Anachokijua ni mahali ilipo mibuni tisa aliyoikuta na ugonjwa. Katika ramani yake kila mbuni ni nukta. Anazungusha mstari kwenye nukta za nje, anapima eneo lililomo ndani, anaandika hekta kadhaa, na ripoti inakwenda wilayani.

Je, mstari ule ni kitu gani hasa?

Kamba na vigingi

Msomaji na afikirie kwamba katika kila nukta kimepigwa kigingi ardhini, kisha kamba ikazungushwa kuvizingira vigingi vyote na kuvutwa hadi ikakaza. Kamba itavigusa baadhi ya vigingi, navyo vingine vitabaki ndani bila kuguswa. Umbo linalofanywa na kamba hiyo halina mahali palipobonyea kuelekea ndani. Kokote uendako juu yake, limebinuka kuelekea nje au limenyooka. Katika fizikia tumekwisha kuzoea kusema lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo, na hapana sababu ya kuliacha neno hilo. Kwa hiyo twapendekeza umbo la kamba liitwe uzio mbinuko.

Tumechagua uzio kwa makusudi. Uzio hujengwa na mtu kwa kutumia vigingi alivyonavyo. Akiongeza vigingi, uzio hubadilika. Mpaka ni jambo la ardhi yenyewe au la makubaliano ya watu, nao haubadiliki kwa sababu mpimaji ameleta vigingi vingine vitatu. Uzio mbinuko ni mali ya sampuli. Mpaka ni mali ya eneo. Tofauti hii ndiyo kiini cha makala haya.

Vigingi ambavyo kamba inapindia ndivyo tunavyotaka kuvihesabu. Istilahi kadhaa zaweza kupendekezwa. Nukta za ukingoni ni nzuri kwa sikio, lakini kigingi chaweza kuwa ukingoni, kimeguswa na kamba iliyonyooka, bila kamba kupinda hapo; kigingi cha namna hiyo hakihesabiwi. Nukta za kikomo haifai hata kidogo, kwa sababu kikomo kina kazi nyingine katika hisabati, kama tutakavyoona. Kipeo pia kimeelemewa: wanafunzi wetu husema kipeo cha pili na kipeo cha tatu wakizungumzia namba zilizozidishwa kwa zenyewe. Twabaki na pembe, neno ambalo kila mtoto wa shule ya msingi analijua kutoka pembetatu na pembenne. Kwa hiyo nukta ambayo uzio unapindia na iitwe nukta pembe.

Nasibu si ovyo

Kabla ya kuhesabu yatupasa kusema nukta zimepatikanaje. Hisabati tunayoieleza inadai kwamba nukta zichaguliwe kwa nasibu, kila moja bila kutegemea nyingine, na kwamba kila sehemu ya eneo iwe na nafasi ya kupata nukta kulingana na ukubwa wake. Hiyo ndiyo sampuli nasibu iliyo sawia.

Wafasiri wengine huandika “nukta zilizochukuliwa ovyo”. Tafsiri hiyo imegeuza maana. Bwana shamba anayekagua tu mibuni iliyo karibu na barabara ya Arusha hadi Moshi, kwa kuwa mitelemko ya juu ina tope na gari halipandi, amechukua nukta ovyo. Mibuni ya juu haikuwa na nafasi yoyote ya kuingia katika hesabu. Nasibu hutaka kazi na nidhamu kubwa zaidi kuliko uteuzi, na neno ovyo linaiba nidhamu hiyo yote.

Hesabu yenyewe

Swali la namna hii si geni. Mwaka 1864 Mwingereza J. J. Sylvester aliuliza: nukta nne zikitupwa kwa nasibu, kuna uwezekano gani kwamba zote nne zitakuwa pembe, yaani hakuna hata moja itakayoangukia ndani ya pembetatu ya zile tatu? Ikabainika kwamba jibu hutegemea umbo la eneo. Kwa eneo la pembetatu uwezekano huo ni theluthi mbili.

Mwaka 1963 Mhungaria Alfréd Rényi na Mjerumani Rolf Sulanke walilipanua swali hilo kwa nukta nyingi, na matokeo yao yakawa msingi wa tawi zima. Waligundua kwamba idadi ya nukta pembe huongezeka kwa namna tofauti kabisa kulingana na umbo la eneo. Ikiwa eneo ni pembenyingi, wastani wa idadi hiyo hukua polepole, kwa kadiri ya logarithimu ya idadi ya nukta. Ikiwa eneo lina kingo za mviringo zisizo na pembe, hukua kwa kadiri ya kipeuo cha tatu cha idadi ya nukta.

Tuonyeshe kwa namba. Kwa pembetatu ipo kanuni kamili ambayo mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni: jumlisha 1, nusu, theluthi, robo na kuendelea hadi sehemu moja ya idadi ya nukta iliyopunguzwa 1, kisha zidisha jumla hiyo kwa 2. Nukta zikiwa 3, tunapata 3, kama inavyotazamiwa. Zikiwa 4, tunapata 3 na theluthi mbili, jambo linaloafikiana na jibu la swali la Sylvester. Zikiwa 10, tunapata 5.66, zikiwa 100, 10.35, zikiwa 1,000, 14.97. Kila tunapozidisha nukta kwa kumi, pembe zinaongezeka kwa 4.6 hivi tu. Nukta milioni moja katika pembetatu hutupa nukta pembe zisizofika 29 kwa wastani. Lakini katika eneo la duara, nukta 1,000 hutoa pembe 34 hivi, na nukta milioni moja hutoa 338 hivi.

Sababu yake si ngumu kuona. Katika pembetatu, uzio ukikaribia ubavu ulionyooka hulala sambamba nao kwa kipande kirefu, wala hauhitaji kupinda. Mapindo mengi hutokea karibu na zile pembe tatu za eneo. Katika duara hakuna ubavu ulionyooka, kwa hiyo uzio hulazimika kupinda kila mahali.

Ardhi iliyosahauliwa

Mwaka 1965 Bradley Efron wa Marekani alionyesha jambo ambalo kila mwandishi wa ripoti angefaa kulijua. Hoja yake ni fupi. Chukua nukta 10. Moja kati yake ni nukta pembe ikiwa, na ikiwa tu, imeangukia nje ya uzio wa zile 9 nyingine. Uwezekano wa kuangukia nje ni sawa na sehemu ya eneo ambayo uzio wa nukta 9 haukuifikia, kwa wastani. Kwa kuwa nukta zote 10 zina haki sawa katika hoja hii, wastani wa idadi ya pembe ni 10 mara sehemu hiyo iliyoachwa.

Sasa turudi kwa bwana shamba na mibuni yake tisa. Kwa pembetatu, nukta 10 hutoa pembe 5.66 kwa wastani. Gawanya kwa 10: sehemu iliyoachwa nje na uzio wa nukta 9 ni asilimia 57 hivi. Yaani, kwa wastani, zaidi ya nusu ya eneo lenye ugonjwa liko nje ya mstari ambao ripoti imeuita mpaka. Kwa nukta 99 sehemu iliyoachwa ni asilimia 10 hivi; kwa nukta 999 ni asilimia 1.5.

Mkulima ambaye shamba lake liko hatua mia moja nje ya mstari, akisoma neno mpaka, ataamini kwamba yu salama. Ofisa anayegawa dawa naye ataamini hivyo hivyo. Wala bwana shamba hakudanganya. Hekta alizozipima ni sahihi kwa uzio wake. Kilichodanganya ni neno.

Hoja ya Efron inatupa pia njia nyepesi ya kujihadhari. Hesabu nukta zote, hesabu nukta pembe, kisha gawanya idadi ya pembe kwa idadi ya nukta. Jibu ni kadirio la sehemu iliyobaki nje. Nukta 100 zikiwa na pembe 10, sehemu moja ya kumi ya eneo huenda haijaonekana. Hesabu hii haihitaji kujua umbo la eneo, bali inahitaji kwamba sampuli iwe nasibu kweli.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Uzio mbinuko haujui kubonyea. Ukipima mti unaoota tu katika ukanda wa msitu unaouzunguka Mlima Meru, uzio wa nukta zake utajumuisha kilele chenye urefu wa meta 4,566, ambako mti huo hauoti kabisa. Jambo hili si la mchezo. Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili hutumia umbo hilohilo la mbinuko kupima upana wa makazi ya kila aina ya mmea au mnyama, na upana ulio chini ya kilometa za mraba 5,000, pamoja na masharti mengine, ni moja ya dalili za aina iliyo hatarini kutoweka. Mfasiri anayeuita upana huo “eneo linalokaliwa” amemfanya msomaji aamini kwamba mti upo kila mahali ndani ya mstari.

Kikomo cha nini?

Tumefika kwenye istilahi iliyo ngumu kuliko zote. Mwaka 1988 Piet Groeneboom wa Uholanzi alithibitisha thioremu ya kikomo kuhusu idadi ya nukta pembe. Msomaji wa kawaida akisikia “kikomo cha idadi” atafikiri kwamba idadi hiyo ina mwisho, kama kikomo cha mwendo wa magari. Sivyo. Tumekwisha kuona kwamba wastani wa idadi hukua daima bila kufika mwisho, ingawa kwa kujivuta.

Chenye kikomo ni kitu kingine. Tuseme watu elfu moja, kila mmoja amechukua sampuli yake nasibu katika eneo lilelile, na kila mmoja amehesabu pembe zake. Hesabu zao hazitakuwa sawa. Zitatawanyika kandokando ya wastani. Toa wastani katika kila hesabu, kisha gawanya kwa mkengeuko sanifu. Groeneboom alionyesha kwamba kadiri nukta zinavyoongezeka, mtawanyo wa namba hizo unakaribia mtawanyo wa kawaida, ule ambao mchoro wake una umbo la kengele. Kinachokaribia kikomo ni umbo la mtawanyo, wala si idadi. Kwa pembenyingi, kipeo cha pili cha mkengeuko hukua kama sehemu kumi za ishirini na saba, mara idadi ya mbavu za eneo, mara logarithimu asilia ya idadi ya nukta. Baadaye wataalamu wengine, miongoni mwao Matthias Reitzner mwaka 2005, walipanua thioremu za namna hii hadi maumbo ya vipimo vingi.

Faida yake ni kwamba tunaweza kupima madai. Kwa nukta 1,000 katika pembetatu, mkengeuko ni kama 2.8, kwa hiyo takriban mara mbili katika kila tatu tutahesabu pembe kati ya 12 na 18. Mtu akileta ramani ya nukta 1,000 yenye pembe 34, akadai kwamba eneo ni pembetatu na sampuli ni nasibu, tuna haki ya kukataa moja ya madai hayo mawili.

Thioremu hii ni ya jamaa ya ile maarufu ambayo wafasiri wengine huiita “thioremu ya kikomo cha kati”. Jina hilo ni potofu. George Pólya aliyeipa jina mwaka 1920 alikusudia kusema kwamba thioremu yenyewe ina nafasi ya kati, yaani nafasi kuu, katika hisabati ya uwezekano. Hakukusudia kikomo kilichoko katikati ya kitu. Kwa Kiswahili sahihi ni thioremu kuu ya kikomo.

Istilahi zinazopendekezwa

Kwa muhtasari, twapendekeza istilahi zifuatazo:

Nukta: mahali pasipo na upana, panapowakilisha kitu kimoja kilichopimwa. Neno pointi na liachiwe namba za desimali na michezo.

Sampuli nasibu: sehemu ya kundi iliyochukuliwa kwa utaratibu wa bahati unaojulikana. Isiitwe sampuli ya ovyo.

Uzio mbinuko: umbo dogo kuliko yote lisilobonyea ambalo linazingira nukta zote za sampuli. Usiitwe mpaka.

Nukta pembe: nukta ambayo uzio mbinuko unapindia.

Tarajio: wastani wa kinadharia, ambao si lazima uwe namba inayoweza kutokea. Hakuna mtu atakayehesabu pembe 5.66.

Mkengeuko sanifu: kipimo cha kutawanyika kandokando ya wastani. Wapo waliotumia mchepuko, lakini mitaani neno hilo limepata maana ambayo mwalimu hawezi kuitamka darasani bila wanafunzi kucheka.

Thioremu: kauli ya hisabati iliyothibitishwa. Isichanganywe na nadharia, ambayo ni mfumo mzima wa maelezo, wala na kanuni, ambayo ni njia ya kukokotoa.

Thioremu ya kikomo: thioremu inayoeleza umbo ambalo mtawanyo unalikaribia kadiri sampuli inavyokua.

Kwa watumishi wa serikali twaongeza ombi moja. Kila ripoti inayotaja ukubwa wa uzio itaje papo hapo idadi ya nukta na idadi ya nukta pembe. Ni namba mbili tu, na hazihitaji ukurasa wa ziada. Kwa hizo namba mbili, diwani, mwalimu au mkulima aliyefika darasa la saba anaweza kugawanya mwenyewe na kujua ni kiasi gani cha ardhi ambacho mstari haukukiona.

Wasomaji walio na istilahi zilizo bora kuliko hizi, hasa walimu wa hisabati na wafasiri wanaofanya kazi katika taasisi za kimataifa zilizoko Arusha, wanaombwa wazilete zijadiliwe. Tunachoomba kisibadilike ni kanuni yenyewe: alichokichora mpimaji kwa nukta chache kisipewe jina la kitu ambacho watu wamekigombania kwa miaka mingi.